Namna ya Kusoma Utafiti wa Maoni Kuhusu Dini na Masuala ya Uhai na Kifo

Anayetaka kujua jinsi dini inavyojenga msimamo wa watu kuhusu utoaji mimba, adhabu ya kifo au kumsaidia mgonjwa kufa, aanze kwa kutenganisha mafundisho ya viongozi na imani ya waumini wenyewe. Mwaka 2018 Kanisa Katoliki lilirekebisha Katekisimu yake, yaani kitabu rasmi cha mafundisho yake, na kutamka kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, lakini utafiti wa mwaka 2021 wa Pew, taasisi ya Marekani ya utafiti wa maoni, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wakatoliki wa Marekani bado waliiunga mkono. Nchini Ireland, ambako sensa ya 2016 ilihesabu Wakatoliki kuwa asilimia 78 hivi ya wananchi, asilimia 66.4 ya waliopiga kura mwaka 2018 waliondoa katika katiba marufuku ya utoaji mimba.

Kwa hiyo, usiridhike na jina la dhehebu. Tafuta pia mhojiwa huhudhuria ibada mara ngapi, kwa sababu anayesali kila wiki na aliyebatizwa tu utotoni huwekwa katika safu moja ya jedwali ilhali misimamo yao huweza kupishana sana.

Kisha soma swali lenyewe, neno kwa neno. Hapa ndipo wasomaji wengi hupotoka. Mwaka 2013 shirika la Gallup liliwauliza Wamarekani kama daktari aruhusiwe kukatisha maisha ya mgonjwa asiyepona kwa njia isiyo na maumivu, mgonjwa na jamaa zake wakiomba, na asilimia 70 walikubali. Swali lilipotaja kumsaidia mgonjwa kujiua, waliokubali walikuwa asilimia 51. Kujiua ni dhambi nzito katika dini nyingi, na kwa maoni yangu neno hilo pekee humwamsha muumini ajibu kwa dhamiri ya kidini.

Mwisho, chunguza kama swali linaacha nafasi kwa mantiki ya dini husika. Katika sheria ya Kiislamu, warithi wa aliyeuawa wanaweza kudai kisasi, kupokea dia (fidia ya damu) au kusamehe, na Kurani inausifu msamaha huo. Mwislamu anayeulizwa tu kama anaunga mkono adhabu ya kifo, ajibu ndiyo au hapana, hana pa kuueleza msamaha huo. Utafiti wa aina hiyo usiutumie kumsemea mpaka upate mahojiano yaliyomwacha aeleze sababu zake.