Umechora picha ya dini na vitisho vimeanza? Fanya hivi

Kwanza usifute kitu. Najua mkono unawasha kufuta posti na kublok kila mtu, lakini zile meseji ndo ushahidi wako, zipige skrinshoti zionyeshe namba au jina la akaunti, tarehe na saa, voisi noti zisevu, alafu tuma kopi kwa mtu unayemwamini. Ukimaliza hapo ndo ublok.

Usijibizane, na hata kuomba radhi usikurupuke kabla hujaongea na wakili. Kenya kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu, na Tanzania cha 129, vinafanya kuumiza hisia za dini za mtu kwa makusudi kuwa kosa la jinai, kwa hiyo ulichoandika saa nane usiku una hasira kinaweza kusomwa mahakamani.

Polisi nenda na mtu na usitoke bila namba ya OB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, Bongo inaitwa RB. Wakikwambia "si wewe umeanza", waambie kwa heshima kwamba kutishia kumuua mtu ni kosa, na habari ya picha ni kesi nyingine.

Alafu tafadhali usiwaweke wote kapu moja. Wengi waliokasirika wameumia kweli na hawana mpango wa kukugusa, kwa hao mtafute shehe au mchungaji anayesikilizwa mtaani akuombee kikao, mimi naamini hii inapoza moto kuliko tamko lolote la mtandaoni.

Nyumbani sasa. Kurt Westergaard, yule mchoraji wa Denmark aliyechora kibonzo cha Mtume mwaka 2005, bafu lake liliimarishwa likawekwa mlango wa chuma na kengele ya kuita polisi, na Januari 2010 jamaa mwenye shoka alipovunja na kuingia kwake Aarhus, mzee alijifungia humo akabonyeza kengele, polisi wakafika akiwa hai. Mlango wa chuma labda huna hela yake, ila chumba kimoja chenye komeo la ndani, simu yenye chaji na majirani wawili wanaojua kinachoendelea, hivyo unaviweza. Zima lokesheni, badilisha njia, na shuleni waambie nani tu anaruhusiwa kuchukua watoto.

Na usidhani ukishinda kesi yameisha. M.F. Husain wa India alifunguliwa kesi kwa kuchora miungu wa kike wa Kihindu wakiwa uchi, akaondoka nchini 2006, Mahakama Kuu ya Delhi ikamfutia mashtaka 2008, lakini hakurudi kuishi kwao tena, alifia London 2011 akiwa raia wa Qatar. Inauma sana mzee wa miaka 95 kufia ugenini kwa sababu ya brashi.

Ikibidi kuhama, DefendDefenders, shirika linalosaidia watetezi wa haki za binadamu, wako Kampala, na mtandao wa ICORN wa Norway unaunganisha wasanii na miji ya kuwahifadhi, kwa kawaida miaka miwili. Waandikie mapema maana maombi yanachukua muda, na pasipoti angalia haijaisha, za watoto pia.