Kabla ya kulipia kiwanja, tafuta mahali pa shimo la majitaka

Wanunuzi wengi wa viwanja pembezoni mwa Dar es Salaam hukagua hati, barabara na umeme, lakini huliacha suala la majitaka hadi fundi anapouliza shimo lichimbwe wapi, ilhali maeneo mengi ya huko hayajafikiwa na mtandao wa mabomba ya majitaka.

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinaweza kutosha nyumba na kikakosa nafasi ya shimo la septiki, ambamo uchafu mzito hutuama, pamoja na shimo la kufyonza, linalopenyeza maji yake ardhini, hasa ikiwa wewe au jirani ana kisima, kwa kuwa inashauriwa kuacha takriban mita 30 kati ya kisima na shimo la kufyonza. Ulizia visima vya majirani pia, si chako tu.

Udongo ndio unaoamua mengi. Mchanga hufyonza maji upesi, ilhali udongo wa mfinyanzi huyashikilia hadi shimo linafurika. Mwombe muuzaji ruhusa ya kuchimba kishimo, ukijaze maji mara kadhaa mpaka udongo ulowe, kisha uangalie yanavyoshuka. Ikiwezekana, fanya hivyo wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu katika maeneo ya bondeni maji ya ardhini hupanda karibu na uso wa ardhi, na kiangazi hakiwezi kukuonyesha hilo (dalali naye hatakueleza).

Mwisho, hakikisha gari la kunyonya majitaka litaweza kulifikia shimo hata baada ya ukuta kujengwa.