Jinsi ya Kunukuu Diftongi za Kiingereza kwa Alama za Kifonetiki

Maneno ambayo Kiswahili kimeyakopa kutoka Kiingereza yanaonyesha wazi mahali ambapo sikio letu hukosea. Neno "tie", lenye silabi moja kwa Kiingereza, kwetu limekuwa "tai", yaani ta-i, silabi mbili. Neno "gown" limekuwa "gauni", na mkazo umeangukia u, sauti ambayo kwa Kiingereza ni mkia tu wa irabu. Kinyume chake, "cake" limekuwa "keki" na "note" limekuwa "noti", ambapo irabu yenye sehemu mbili imebanwa ikawa sauti moja isiyobadilika. Katika miaka ambayo nimefundisha unukuzi wa kifonetiki, yaani kuandika matamshi kwa alama maalumu za sauti, karibu kila kosa la diftongi nililolisahihisha limekuwa mojawapo ya haya mawili: ama mwanafunzi amekata irabu moja vipande viwili, ama amesikia mwanzo wake na kuacha mwisho. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa kuyalenga makosa hayo.

Diftongi, ambayo huitwa pia irabu unganifu, ni irabu moja inayobadilika ndani ya silabi moja, kwa kuwa ulimi huanzia mahali pamoja na kuelekea pengine bila sauti kukatika.

Hatua ya kwanza ni kuchagua lafudhi na kuishikilia. Lafudhi sanifu ya Uingereza, kwa hesabu iliyozoeleka, ina diftongi 8. Lafudhi ya jumla ya Marekani huhesabiwa kuwa na 5, kwa sababu r ya mwisho wa silabi hutamkwa: "near" ni /nɪə/ kwa Mwingereza na /nɪr/ kwa Mmarekani. Unukuzi unaochanganya lafudhi mbili katika sentensi moja hauwakilishi msemaji yeyote. Hapa nitafuata lafudhi ya Uingereza, na nitataja ya Marekani inapotofautiana sana.

Hatua ya pili ni kufunika tahajia na kusikiliza kinywa. Herufi za Kiingereza hazitegemeki kabisa katika jambo hili. "Said" ina herufi mbili za irabu, lakini ni /sed/. "Thought" nayo ina mbili, lakini ni /θɔːt/. Ilhali "I", herufi moja tu, ni diftongi kamili, /aɪ/. "Great" na "bread" zinaandikwa kwa ea ileile, lakini ya kwanza ni /ɡreɪt/ na ya pili ni /bred/. Kwa hiyo tamka neno, kisha jaribu kuivuta irabu yake kwa sekunde tatu bila kusogeza taya, midomo wala ulimi. Irabu ya "see" itavutika na kubaki ileile. Irabu ya "say" haitakubali: ukiganda mwanzoni, neno halikamiliki mpaka ulimi upande. Hapo umepata diftongi. Piga kofi moja kwa kila silabi ili uhakikishe kwamba hukuhesabu irabu mbili zinazofuatana tu. "Tie" ni kofi moja. "Chaos" ni makofi mawili, /ˈkeɪɒs/, yaani diftongi katika silabi ya kwanza na irabu nyingine katika ya pili.

Hatua ya tatu ni kutambua mwisho wa diftongi. Wengi huanza na mwanzo wake, lakini mimi nashauri kinyume, kwa kuwa miisho ni mitatu tu na kila mmoja unapunguza uwezekano haraka. Ulimi ukipanda kuelekea mbele, mwisho ni ɪ, na diftongi ni eɪ, aɪ au ɔɪ, kama katika "day", "my" na "boy". Midomo ikijiviringa na ulimi ukipanda kuelekea nyuma, mwisho ni ʊ, na diftongi ni əʊ au aʊ, kama katika "go" na "now". Ulimi ukirudi katikati na kulegea, mwisho ni ə, na diftongi ni ɪə, eə au ʊə, kama katika "near", "hair" na "tour". Usiandike i na u za kawaida katika miisho hiyo. Alama ɪ na ʊ zimechaguliwa kwa sababu ulimi huelekea juu lakini mara nyingi haufiki pale unapofika katika i na u za Kiswahili.

Hatua ya nne ni kutafuta mwanzo, na hapa əʊ inahitaji subira kuliko nyingine zote. Anayezungumza Kiswahili husikia o, akaandika o peke yake, kama tulivyofanya katika "noti". Sikiliza tena: Mwingereza huanza na irabu ya katikati, midomo ikiwa haijaviringwa, na ndiyo maana tunaandika /nəʊt/. Mmarekani huanza na midomo iliyoviringwa, na kwake ni /noʊt/. Angalia pia umbo la a unapoandika kwa mkono, kwa sababu alama yenye kikonyo juu, a, ndiyo ya /aɪ/ na /aʊ/, ilhali ɑ ni alama nyingine, ya irabu ndefu ya "father".

Kuhusu diftongi zinazoishia na ə, fahamu kwamba zinapungua. Waingereza wengi leo hutamka "poor" kama /pɔː/, na "hair" kwa irabu ndefu isiyosogea, ambayo baadhi ya kamusi huiandika ɛː. Nukuu unachokisikia kutoka kwa msemaji wako.

Hatua ya tano ni kuandika. Unukuzi wa fonimu, yaani wa sauti zinazotofautisha maana ya maneno, huwekwa kati ya mikwaju, na ule wa kina zaidi huwekwa ndani ya mabano mraba. Alama ya mkazo, ˈ, hutangulia silabi yenye mkazo. Alama ya urefu, ː, haiwekwi kwenye diftongi katika unukuzi wa fonimu. Wanafunzi makini hasa ndio huteleza hapa, kwa sababu wamesikia kwa haki kwamba irabu ya "rise" ni ndefu kuliko ya "rice". Tofauti hiyo huletwa na konsonanti inayofuata, kwani konsonanti isiyo ghuna, yaani isiyotetemesha nyuzi za sauti, kama s, hufupisha irabu inayoitangulia. Hivyo maneno hayo ni /raɪz/ na /raɪs/, kwa alama zilezile za irabu.

Sasa nukuu sentensi hii bila kutazama kamusi: "I know they went out by boat." Jibu ni /aɪ ˈnəʊ ðeɪ ˈwent ˈaʊt baɪ ˈbəʊt/. Kuna diftongi katika maneno sita kati ya saba, na ni "went" pekee lisilo nayo. Kama umeandika /naʊ/ kwa "know", tahajia ya "now" imekudanganya. Rudi kwenye hatua ya pili. Kama bado una shaka, rekodi sauti na uifungue katika Praat, programu ya bure ya kuchanganua matamshi. Katika /aɪ/ utaona fomanti (mkanda wa nguvu ya sauti unaoonekana kwenye picha ya matamshi) ya kwanza ikishuka huku ya pili ikipanda, na katika /e/ ya "went" hutaona mwachano wa namna hiyo.