Kisukari: kagua miguu kila jioni

Mjini Goma, kijiwe chenye makali cha volkano kikiingia kwenye kiatu, mtu hukisikia mara moja. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kukitembelea kutwa nzima, kwani sukari nyingi huharibu mishipa ya fahamu, ikianzia vidole vya miguu. Kwa hiyo usingoje maumivu.

Osha miguu kwa maji ya vuguvugu, ukijaribu joto kwa kiwiko, kisha kausha vizuri katikati ya vidole. Kama huwezi kuinama, weka kioo sakafuni. Macho yakiwa hafifu, mtoto wa nyumbani akutazamie. Tafuta lengelenge, ufa wa kisigino, ngozi iliyolowa katikati ya vidole, na hasa sugu yenye doa jeusi: mara nyingi damu imevuja chini yake na kidonda kiko njiani. Kisha linganisha miguu kwa mgongo wa mkono. Mmoja ukiwa umevimba na una joto kuliko mwenzake, hata bila kidonda, acha kuukanyagia na umwone daktari siku hiyo hiyo. Huenda mifupa inavunjika ndani.

Mara moja kwa mwezi, pima hisia. Mgonjwa afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole, sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu: sehemu 6. Usibonyeze wala usisugue. Ukibonyeza, hata mguu wenye ganzi utaitikia, na kipimo kitakudanganya. Asiposikia sehemu 2 au zaidi, miguu hiyo haina tena mlinzi.

Usiku wa baridi, miguu isisogezwe kwenye mbabula (jiko la makaa); soksi zinatosha. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Sugu haikatwi kwa wembe.

Ukipata kidonda, kioshe kwa maji safi na sabuni, kifunike kwa kitambaa safi, bila majivu wala dawa ya meno, na uende kituo cha afya kesho yake. Wekundu unaopanda, usaha, harufu, kidole kinachogeuka cheusi, au homa: nenda saa hiyo hiyo. Ukifika, anza kwa kusema una kisukari, maana bila hivyo kidonda kidogo kisichouma kitawekwa nyuma ya foleni.