Ukizua Fujo Ndegeni, Utashtakiwa Wapi?

Anayerudi kazini Uingereza baada ya Krismasi nyumbani Kisumu mara nyingi hupanda ndege tatu: hadi Nairobi, hadi Doha, kisha London. Wengi wetu hudhani kule juu hakuna mwenye sheria. Yupo, tena si mmoja.

Msingi ni Mkataba wa Tokyo wa 1963, ambao Kenya ni mwanachama: ndege hubeba sheria ya nchi iliyoisajili. Tazama herufi zilizoandikwa ubavuni, karibu na mkia. 5Y ni Kenya, A7 ni Qatar, A6 ni Falme za Kiarabu, G ni Uingereza. Kisumu hadi Nairobi ni Kenya tupu. Mambo hubadilika ukitoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi: ukimzaba mhudumu kofi juu ya Ethiopia ukiwa kwenye A7, Qatar inaweza kukushtaki. Na nchi mnakotua nayo ina meno. Uingereza na Marekani zina sheria za kumshtaki abiria wa ndege ya kigeni inayokuja kutua kwao, na Itifaki ya Montreal ya 2014, iliyorekebisha Mkataba wa Tokyo na kuanza kazi 2020, imewapa wanachama wake nguvu hiyohiyo.

Milango ikifungwa, kapteni anaweza kuamuru ufungwe pingu, akushushe njiani au akukabidhi kwa polisi. Hata abiria waliosaidia kukufunga, huwezi kuwashtaki wakiwa wamefuata Mkataba wa Tokyo.

Chanzo kikubwa cha fujo, tuseme ukweli, ni pombe. Ile chupa ya dutifrii unayoifungua chini ya blanketi, iache kwenye mfuko wake. Kwenye ndege za Marekani ni marufuku kunywa pombe ambayo hukupewa na wahudumu. Uingereza, kulewa tu ndani ya ndege ni kosa hata kama hujamgusa mtu: kifungo hadi miaka 2. Marekani, kumshambulia au kumtisha mhudumu hadi kazi yake ivurugike ni hadi miaka 20. Hapo kundi la WhatsApp la ukoo litachangisha pesa za wakili hadi lichoke.

Ukikamatwa, taka ubalozi wa Kenya uarifiwe. Ni haki yako. Usitie sahihi maelezo usiyoyaelewa, omba mkalimani. Ila ukiwa umeingia kwa pasipoti ya nchi hiyohiyo, usiutegemee sana ubalozi wetu.

Na ukipigwa wewe? Mwambie mhudumu aandike ripoti kabla hujashuka, chukua namba za viti vya mashahidi, kisha nenda hospitali upate karatasi. Kama utaidai kampuni ya ndege fidia ya jeraha chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999 (huu ni wa fidia za safari za kimataifa, si ile itifaki ya 2014), una miaka 2 tangu siku ya kufika kufungua kesi.