Namna ya kutafuta vitu vya kale na historia iliyofichika mjini Iringa

Hatua ya kwanza: usianze dukani. Anza katika Boma, jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya mkoa, kisha nenda Kalenga kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ambako limehifadhiwa fuvu lake lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mtu aliyekwisha kutazama kwa makini silaha na vyombo halisi hauziwi kirahisi mkuki uliofuliwa mwaka jana na kupakwa masizi.

Hatua ya pili: tembea polepole mitaa ya Uhindini na pembezoni mwa Soko Kuu. Usitafute kibao kilichoandikwa “vitu vya kale”, kwa sababu bidhaa hizi hukaa kwa fundi saa, kwa fundi redio na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambako pasi ya mkaa au taa ya chemli hupimwa kwa kilo pamoja na mabati. Kwa hao wa vyuma chakavu wahi asubuhi, kabla mzigo haujapakiwa.

Hatua ya tatu: jifunze kusoma sarafu, kwa kuwa ndizo utakazokutana nazo mara nyingi. Zenye maneno “Deutsch Ostafrika” ni za Wajerumani. Kuanzia mwaka 1904 rupia moja ilikuwa na heller 100, na neno letu “hela” limetoka humo. Tundu la katikati peke yake lisikupe jibu, maana Wajerumani na Waingereza wote walitoa sarafu zenye tundu. Soma maandishi yanayolizunguka, na ukikuta “East Africa” pamoja na jina la mfalme, hiyo ni ya Waingereza. Ninayoipenda kuliko zote ni heller 20 ya mwaka 1916 yenye herufi T, iliyopigwa chapa Tabora wakati vita vilipokuwa vimezuia meli za Ujerumani kuleta fedha. Usiisugue kamwe. Niliwahi kusugua moja kwa majivu, ikang’aa, lakini mwaka wake ukafutika.

Hatua ya nne: kabla ya kutaja bei, msalimu mwenye duka, na akiwa mzee mwamkie shikamoo, kisha uliza kitu kimetoka kijiji gani na kilitumiwa na nani. Ukiambiwa kimefukuliwa, au ukionyeshwa zana za mawe za Isimila, eneo la Zama za Mawe karibu na Iringa, kataa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na jiwe lililong’olewa mahali pake haliwezi tena kumweleza mtafiti lilikuwa katika tabaka lipi la udongo.

Hatua ya tano: siku hiyohiyo andika kwenye karatasi jina la kitu kwa Kihehe na kwa Kiswahili, kijiji kilikotoka, na maneno ya muuzaji kama alivyoyasema, kisha ikunje karatasi hiyo na uihifadhi pamoja na kitu chenyewe.