Kutoka bei ya ng'ombe hai hadi bei ya buchani: namna ya kupiga hesabu

Anza na mizani, bei ije baadaye. Ng'ombe wa kilo 400 akishachunwa na kutolewa kichwa, kwato na matumbo, mzoga wake ni karibu nusu, yaani kilo 200. Aliyenoneshwa kwa nafaka hufikia asilimia 60. Mzoga ukilala kwenye baridi usiku mmoja hupoteza maji, tuseme asilimia 2; zinabaki kilo 196. Toa mifupa na mafuta ya ziada, unabaki na kilo 130 hivi za nyama tupu, yaani steki.

Sasa gawa 400 kwa 130: takriban 3.1. Kwa hiyo kilo moja ya steki imeshameza bei ya kilo tatu za uzito hai kabla hata ya nauli. Kwa nyama ya mfupa unagawa kwa 196, na jibu ni 2 tu. Kuchanganya hizi mbili ndiko huzaa kelele nyingi za "tunaibiwa".

Hatua ya pili, punguza mapato ya ngozi, maini, utumbo, kichwa na miguu. Bei ya ngozi ikianguka, nyama inaweza kupanda ilhali ng'ombe hajapanda.

Kisha ongeza usafiri, ada za machinjio na ukaguzi, umeme, pango, mishahara na nyama inayoharibika. Gharama hizi hazishuki kwa sababu mnada umeshuka. Ikiwa mnyama ni nusu ya bei ya rejareja, naye akashuka asilimia 20, nyama ina nafasi ya kushuka 10 tu. Tena huchelewa: bei ya bucha hupanda upesi na kushuka kwa kusuasua, kwa hiyo ilinganishe na bei ya mnada ya wiki kadhaa nyuma.

Angalia pia mnyama alipimwaje. Akinyweshwa na kulishwa kabla ya mizani, anaweza kubeba kilo 20 zisizo nyama. Mpime baada ya kufunga usiku kucha.

Mtego mkubwa ni ukame. Wafugaji huuza kwa pamoja, bei inaanguka, ila wanyama wamekonda. Bei ya kilo hai ikishuka asilimia 15, na mzoga nao ukashuka kutoka asilimia 50 hadi 42, gharama ya kilo ya steki hubaki palepale.